Kulichagua, Kulileta na Kulithamini Gitaa la Stili la Pedali la Zamani: Mwongozo kwa Wapigaji wa Arusha na Moshi

Sauti ya gitaa la stili la pedali ilifika Arusha na Moshi zamani, ingawa ni wachache waliowahi kuliona gitaa lenyewe kwa macho. Imo ndani ya nyimbo za kantri za Dolly Parton na Don Williams zilizopigwa sana redioni Afrika Mashariki. Imo ndani ya muziki wa juju wa King Sunny Ade wa Nigeria. Na imo ndani ya Graceland, albamu ya Paul Simon ya mwaka 1986, ambamo Demola Adepoju, Mnigeria aliyekuwa katika bendi ya King Sunny Ade, analipiga katika wimbo wenye jina hilohilo la albamu. Ni sauti inayohama kutoka noti moja hadi nyingine bila kukatika, huku nyuzi za jirani zikibaki zimetulia mahali pake, jambo ambalo ni gumu kulifanya kwa gitaa la kawaida.

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya mpigaji wa kwaya au wa bendi ambaye tayari analijua gitaa la kawaida, na ambaye sasa amekusudia kutafuta gitaa la stili lililotengenezwa Marekani kati ya miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1980. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: huku kwetu gitaa hili linunuliwe kwa uzima wa mitambo yake, wala si kwa ukubwa wa jina lililoandikwa mbele yake. Mtu anayeishi Nashville, mji mkuu wa muziki wa kantri huko Marekani, akinunua gitaa bovu lenye jina kubwa, anaye fundi mtaani na vipuri dukani. Sisi tutalazimika kuishi na kile tulichokileta, na kukitengeneza kwa mikono iliyopo hapa.

Chombo chenyewe

Gitaa hili halishikwi mkononi wala halivaliwi begani. Ni ubao mzito uliolazwa juu ya miguu minne, ambao kwa kawaida una nyuzi 10 katika shingo moja, au shingo mbili zenye nyuzi 10 kila moja. Mpigaji huketi nyuma yake kama aketivyo mpiga kinanda. Mkono wa kushoto hutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi bila kuzigandamiza kwenye ubao, na mistari iliyochorwa chini ya nyuzi ni ya kuelekeza jicho tu. Mkono wa kulia huvaa kucha ya plastiki kwenye kidole gumba na kucha mbili za chuma kwenye vidole vinavyofuata. Mguu wa kushoto hukanyaga pedali, mguu wa kulia huongoza pedali ya kiasi cha sauti, na magoti yote mawili husukuma nyenzo zilizoning'inia chini ya ubao. Kila pedali na kila wenzo wa goti umeunganishwa kwa fimbo nyembamba na sehemu ya mkono wa kulia iitwayo chenja, yenye vidole vya alumini ambavyo nyuzi hupita juu yake. Kidole kikivutwa, uzi hukazwa au hulegezwa kwa kipimo kilichopangwa, na noti hupanda au hushuka.

Asili ya upigaji huu ni visiwa vya Hawaii, ambako mwishoni mwa karne ya 19 Joseph Kekuku alijulikana kwa kupiga gitaa kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi. Pedali zilikuja baadaye sana. Mwaka 1948 fundi Paul Bigsby alimtengenezea mpigaji Speedy West gitaa lenye pedali, lakini wapigaji wa wakati huo walizitumia zaidi kubadili mpangilio wa nyuzi kati ya sehemu moja ya wimbo na nyingine. Aliyeyageuza mambo ni Bud Isaacs, ambaye mwishoni mwa mwaka 1953, katika rekodi ya mwimbaji wa kantri Webb Pierce, alikanyaga pedali wakati nyuzi bado zinalia, na wasikilizaji wakaisikia noti ikipanda ndani ya mlio uleule. Kuanzia hapo kila mpigaji wa kantri alitaka kulifanya jambo hilo. Buddy Emmons na Shot Jackson walianzisha kampuni ya Sho-Bud katika miaka ya 1950, na baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Emmons akashiriki kuanzisha kampuni yenye jina lake.

Mnunuzi anapaswa kuifahamu historia hii kwa sababu moja ya vitendo. Magitaa ya mwanzo kabisa yana pedali bila nyenzo za magoti, au yana wenzo mmoja tu, na muziki mwingi uliorekodiwa baada ya miaka ya 1960 hauwezi kupigwa kikamilifu juu yake. Umri mkubwa peke yake si ubora. Gitaa la mwaka 1975 lenye pedali 3 na nyenzo 4 litamfaa mpigaji wa Moshi kuliko la mwaka 1957 ambalo mtunza makumbusho angelifurahia zaidi.

Aina za mitambo, na ipi ya kuikwepa

Kuna familia tatu za mitambo ambazo mnunuzi atakutana nazo. Ya kwanza huvuta na kuachia, na ndiyo iliyomo katika Fender 400 na Fender 1000, magitaa ya nyuzi 8 kwa shingo, ambayo badala ya fimbo hutumia nyaya za chuma zilizosukwa. Ralph Mooney alipiga kazi nyingi za thamani juu ya Fender, kwa hiyo hakuna anayeweza kuidharau sauti yake, na nyaya zake fundi mwerevu anaweza kuzitafutia mbadala hapahapa. Upungufu wake ni nyuzi zenyewe, kwani masomo mengi ya leo yameandikwa kwa nyuzi 10, na anayejifunza bila mwalimu wa karibu atachoka kutafsiri kila somo.

Ya pili ni ya kusukuma na kuvuta, iliyoyapa umaarufu magitaa ya Emmons tangu miaka ya 1960. Kidole cha chenja katika mtambo huu hupumzika kwa kuegemea kizuizi kigumu, na wengi huamini kwamba hapo ndipo ulipo utamu wa sauti yake. Nami nakubali kwamba sauti hiyo ni nzuri mno. Hata hivyo, kuupanga mtambo huu ni kazi ya mtu aliyeusomea, na kubadili jambo moja hugusa mengine matatu. Kwa gitaa la kwanza, kwa mtu aishiye Sakina au Majengo, ushauri wangu ni kuliacha.

Ya tatu ni ya kuvuta tu, ambamo kupandisha na kushusha kote hufanywa na fimbo zinazovutwa, na kila badiliko hupimwa kwa nati ndogo ya nailoni iliyo mwishoni mwa gitaa upande wa kulia. Magitaa ya MSA ya miaka ya 1970 ni ya namna hii, na mengi yamefunikwa kwa fomaika, jambo ambalo katika mazingira yetu ya vumbi na mvua ni faida. Magitaa ya Sho-Bud ya miaka ya 1970 nayo hupendwa kwa uzuri wa mti wake na kwa sauti yake. Lloyd Green amelipiga jina hilo kwa miaka mingi. Ila baadhi ya vipande vyake vya ndani vilitengenezwa kwa madini laini ya kumiminwa katika kalibu, na vipande hivyo huvunjika kwa uzee. Sho-Bud Maverick, lililokusudiwa wanafunzi, lina pedali 3 na wenzo 1, na kuliongezea nyenzo ni shida. Bei yake ndogo huwavuta wengi ambao baada ya muda mfupi hutafuta gitaa jingine.

Kwa hiyo chaguo ninaloliona kuwa la busara ni gitaa la shingo moja, nyuzi 10, mtambo wa kuvuta tu, pedali 3 na nyenzo za magoti zisizopungua 4, lililopangwa kwa mpangilio wa nyuzi uitwao E9, ambao nitaueleza mbele. Gitaa la shingo mbili likiwa ndani ya sanduku lake huweza kuzidi kilo 30, na shingo ya pili, ambayo kwa kawaida hupangwa kwa C6 kwa ajili ya muziki wa mtindo wa jazi, itakaa bila kuguswa kwa muda mrefu.

Ukaguzi

Hapa ndipo subira inapohitajika kuliko mahali pengine popote. Kama gitaa liko Nairobi au Dar es Salaam, safiri ukalione. Kama liko Marekani au Ulaya, mwombe muuzaji akupigie simu ya video akiwa amelikalia, gitaa likiwa limesimama juu ya miguu yake na nyuzi zote zimefungwa, na tyuna ikiwa imewekwa mahali unapoweza kuisoma. Tofauti ya saa kati ya Arusha na Nashville ni 8 au 9 kufuatana na majira yao, hivyo jioni yetu ni asubuhi yao, na muuzaji mwaminifu hatakosa nusu saa. Anayetuma picha za mbele tu, akakataa kuligeuza gitaa ili tumbo lake lionekane, aachwe hata kama bei yake inatamanisha.

Kipimo cha kwanza ni cha kurudi. Uzi mmoja upigwe, tyuna isomwe, pedali ikanyagwe hadi mwisho, kisha iachiwe, na uzi upigwe tena. Noti irudi palepale ilipokuwa. Ikirudi juu kidogo au chini kidogo, na ikafanya hivyo kila mara, basi ama chenja imeganda kwa mafuta ya zamani yaliyogeuka gundi, ama springi imechoka, ama ekseli inayobeba vidole imelika. Sababu ya kwanza husafishika, ya pili hubadilishika kwa urahisi, lakini ya tatu ni kazi kubwa. Jaribio hili lifanywe kwa kila pedali na kila wenzo, na hasa kwa nyuzi za 4 na 8, ambazo katika E9 hupandishwa na pia hushushwa.

Kipimo cha pili ni cha ubao kupinda. Pedali mbili za kwanza zinapokanyagwa pamoja, nyuzi zinazovutwa hulivuta gitaa zima, na uzi ambao haukuguswa hushuka kidogo. Mwombe muuzaji apige uzi wa 4 pedali zikiwa juu, kisha aupige tena pedali hizo mbili, ziitwazo A na B, zikiwa zimekanyagwa. Kushuka kwa senti chache, yaani sehemu chache za mia za nusu-toni, ni jambo la kawaida katika magitaa ya zamani na sikio halilalamiki. Kushuka kukifikia senti 10 au kuzidi, mwalimu wa kwaya mwenye sikio zuri atauliza kuna nini.

Baada ya hapo macho yafanye kazi. Vigurudumu vidogo vilivyo upande wa kushoto, ambavyo nyuzi hupita juu yake, vinapaswa kuzunguka kila uzi unapovutwa. Kilichoganda hufanya noti isirudi vizuri, na makosa yake mara nyingi husingiziwa chenja. Sehemu za juu za vidole vya chenja zitazamwe kama zimechimbwa mifereji na nyuzi, maana mfereji mrefu huleta mlio wa kukwaruza. Bamba za chuma za kila mwisho wa gitaa zikaguliwe nyufa, hasa kuzunguka skrubu. Nyenzo za magoti zitikiswe kwa mkono ili kuona zilizolegea. Ubao wenyewe uangaliwe vitundu vya dumuzi na alama za maji. Kwa kawaida ni mti wa maple, mgumu na mzito, ambao haumo katika orodha ya CITES ya miti inayodhibitiwa. (Mpingo wetu ndio husafiri kwenda ng'ambo kutengenezewa klarineti, kwa gitaa hili safari ni ya upande wa pili.)

Pikapu huvuma ikiwa karibu na taa za mirija au transfoma, na hilo si ugonjwa. Ikiwa kimya kabisa, ipimwe kwa mita ya fundi umeme: mita ikionyesha kwamba njia haipiti, waya mwembamba wa ndani umekatika na itahitaji kusukwa upya.

Mwisho uliza orodha ya vitu vinavyoandamana na gitaa: miguu minne, mhimili wa pedali, fimbo za kuunganisha pedali na mtambo, na sanduku. Fimbo hizo ndogo hupotea kuliko kitu kingine chochote. Omba pia chati ya mpangilio inayoonyesha kila pedali na kila wenzo hufanya nini kwa kila uzi, na uilinganishe na ulichokiona kwenye video.

Kulileta nyumbani

Gitaa la shingo moja, miguu na pedali zikiwa zimefunguliwa na kulazwa ndani ya sanduku, huweza kusafiri kama mzigo wa ndege hadi uwanja wa KIA, mradi uzito usizidi kilo 32, ambacho ndicho kikomo cha mashirika mengi ya ndege kwa mzigo mmoja, na mradi ada ya uzito wa ziada imeulizwa kabla. Ndugu anayerudi likizo ni msaada mkubwa, lakini asiachiwe kubahatisha mambo ya forodha. Thamani inayotozwa kodi hujumuisha bei ya kununulia, usafiri na bima. Juu yake huongezwa ushuru wa forodha, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya 18% hukokotolewa juu ya jumla hiyo. Tafuta wakala wa forodha aliyesajiliwa, mwonyeshe risiti halisi, na umwombe makadirio kwa maandishi kabla hujalipa muuzaji. Kwa gitaa linalonunuliwa Kenya, lipitishwe Namanga au Holili kwa nyaraka zake, kwani chombo kilichopita njia za panya hakiwezi kuuzwa baadaye kwa amani wala kukatiwa bima.

Ndani ya sanduku, fimbo na miguu vifungwe peke yake katika nguo nzito. Uharibifu mwingi wa safarini hutoka ndani, mguu mmoja wa chuma ukigonga chenja njia nzima.

Umeme na amplifaya

Gitaa lenyewe halitumii umeme wa ukutani. Amplifaya ndiyo yenye tatizo, kwa sababu ya Marekani imeundwa kwa volti 120 na masafa ya hezi 60, nasi tuna volti 230 na masafa ya hezi 50. Transfoma ya kushusha volti hutatua nusu ya jambo, ila haibadili masafa, na transfoma ya ndani ya amplifaya iliyoundwa kwa 60 hupata joto zaidi kwa 50. Wapigaji wa stili huzipenda Fender Twin Reverb na Peavey Session 400 kwa kuwa zina nguvu nyingi na sauti safi isiyokwaruza, na sababu hiyo ndiyo ya kuifuata, hata bila majina hayo. Amplifaya ya kinanda ambayo kwaya nyingi tayari zinayo, yenye wati 100 au zaidi na spika ya inchi 12 au 15, hulibeba gitaa hili vizuri sana. Iunganishwe kwenye soketi yenye waya wa ethi unaofanya kazi, na kwa umeme unaopanda na kushuka, stabilaiza ni lazima.

Matunzo kati ya vumbi na masika

Vumbi jekundu la kiangazi likikutana na mafuta mengi hugeuka kuwa msasa. Kwa hiyo kanuni ni mafuta kidogo, mara chache. Mafuta ya cherehani, yanayopatikana kwa kila muuza vifaa vya ushonaji, yanatosha: tone moja kwenye kila maungio yanayozunguka, kwa kutumia ncha ya sindano, kisha kufuta kila kilichozidi. Usipulizie dawa za kulegeza kutu ndani ya chenja, kwani baadhi yake huacha utando unaoganda. Gitaa lisipotumika lifunikwe kwa kitambaa cha pamba, na sanduku lake lisilale sakafuni, kwa ajili ya mchwa na kwa ajili ya unyevu wa Machi hadi Mei. Stoo iliyo chini ya bati tupu, hasa Moshi ambako joto ni kali kuliko Arusha, hukausha ubao hadi skrubu zikalegea.

Nyuzi zifutwe kila baada ya kupiga. Uzi wa 3, wenye unene wa inchi 0.011, ndio unaokatika mara nyingi zaidi, kwa sababu umekazwa sana na bado hupandishwa na pedali. Nunua wa akiba wengi unapoagiza seti. Ukiishiwa, uzi wa kwanza kutoka kwenye pakiti ya gitaa la kawaida yenye unene huohuo utakuvusha, ukishapima kwamba urefu wake unafika kwenye ufunguo.

Jambo linalosahauliwa ni vipimo vya skrubu. Magitaa haya yalijengwa kwa inchi, na maduka yetu ya vifaa huuza zaidi vya milimita. Skrubu ya milimita ikilazimishwa kwenye tundu la inchi huharibu meno ya tundu hilo, na hasara inakuwa ya kudumu. Agiza pamoja na gitaa seti ya spana ndogo za pembe sita za vipimo vya inchi, na skrubu chache za akiba. Kipande kikivunjika, mpelekee fundi wa kereza, awe wa Unga Limited Arusha au wa karakana za Moshi, na umkabidhi kipande chenyewe kama sampuli pamoja na mwenzake kilicho kizima; SIDO, shirika la viwanda vidogo, pia linaweza kukuelekeza kwa fundi mwenye mashine. Vipande vya madini ya kumiminwa visichomelewe, kwani huyeyuka. Vichongwe upya kwa alumini au shaba. Mafundi wetu wanaotengeneza vipuri vya mashine za kusaga wanaiweza kazi hii, wakielezwa kwa utulivu ni kipimo gani hakiruhusiwi kukosewa.

Kulielewa kwa sikio la kwaya

Sasa nafika kwenye sehemu inayonipa furaha kubwa, kwa sababu hapa mtu aliyelelewa katika kwaya za Kilimanjaro na Meru anakuja na mtaji ambao wengi hawana. Masomo ya gitaa hili huandikwa kwa herufi za noti na namba, lakini mpangilio wa E9 unaeleweka upesi zaidi kwa do-re-mi. Ukiichukua E kuwa do, nyuzi kuanzia uzi wa 1 ulio mbali zaidi na mpigaji hadi wa 10 ulio karibu naye ni hizi: re, ti, mi, do, so, mi, re, do, ta (yaani ti iliyoshushwa nusu-toni), so. Utaona kwamba hazipangwi kwa kushuka moja kwa moja, kwani nyuzi mbili za kwanza ziko chini ya uzi wa 3. Nyuzi za 3, 4 na 5 ni mi, do, so, na za 6, 8 na 10 ni zilezile chini yake kwa oktavu.

Pedali A hupandisha so kuwa la. Pedali B hupandisha mi kuwa fa. Zikikanyagwa zote mbili, do-mi-so inakuwa do-fa-la, na kila mwanakwaya anajua hapo ni wapi: ni kodi ya nne (kodi hapa ni noti kadhaa zinazolia pamoja), ile ambayo nyimbo nyingi za ibada huiendea kabla ya kurudi nyumbani. Chuma hakikusogea hata kidogo, na do imebaki ikilia kama sauti moja ya kwaya inayoshikilia noti huku alto na teno wakihama. Kanyaga pedali A peke yake, na unapata do-mi-la, kodi ndogo ya sita, yenye huzuni yake. Wenzo unaoshusha do kuwa ti hukupa ti-mi-so, kodi ndogo ya tatu. Pedali C hupandisha do ya uzi wa 4 kuwa re na so ya uzi wa 5 kuwa la, na ikitumika pamoja na B hutoa re-fa-la, kodi ndogo ya pili. Kwa hiyo chuma kikiwa mahali pamoja tu, mtu anazo kodi tano, na kinachobaki ni kukitelezesha chuma ili kuhamia ufunguo mwingine.

Piga zaburi au tenzi rahisi kwa njia hii kabla hujajaribu mapambo ya kantri. Imba sauti moja kwa mdomo huku ukipiga nyingine mbili, utasikia ni uzi gani unahama na upi unakaa. Kazi ngumu zaidi itakuwa ya mkono wa kulia, kwa sababu uzi uliopigwa huendelea kulia mpaka uzimwe, na usipojifunza kuuzima kwa kiganja kabla ya kupiga mwingine, noti zote zitachanganyika. Wapigaji wengi wapya hukimbilia pedali. Mimi ningempa mwanafunzi mwezi mzima wa kuzima nyuzi.

Sikiliza pia kwa mpango. Anza na Speedy West ili usikie furaha ya chombo kikiwa bado kichanga, uende kwa Buddy Emmons kwa ajili ya usahihi, kwa Lloyd Green kwa ajili ya uchache wa noti, na kwa Demola Adepoju ili usikie jinsi Mwafrika alivyokiingiza kati ya ngoma na magitaa mengi bila kukigombanisha na chochote. Wapo pia wapigaji wa makanisa ya House of God nchini Marekani, ambako gitaa la stili limeongoza ibada tangu miaka ya 1930; Chuck Campbell na Robert Randolph wametoka huko. Kwaya zetu zina sababu ya kuwasikiliza hao kuliko hata wapigaji wa Nashville. Wanafunzi wa muziki wa chuo kikuu cha Makumira, pale karibu na Usa River, ningependa nao walisikie gitaa hili likiwa mbele yao, kwa kuwa wengi wao ndio watakaofundisha kwaya kesho.

Unapolipeleka kanisani, fika mapema, fungua sanduku na uliache gitaa nusu saa lizoee joto la jengo kabla ya kulipanga. Mguu wa kulia uanze kwa kuiweka pedali ya sauti katikati, kisha uisukume taratibu kadiri uzi unavyofifia, ili noti ibaki na ujazo uleule. Pedali isiyoguswa hufanya kila noti ianze kwa kishindo na kufa. Kaa kimya waimbaji wanapotamka maneno, na uingie mwishoni mwa mstari wanapovuta pumzi. Kuhusu kupanga nyuzi, wapigaji wengi huishusha mi kidogo kuliko tyuna inavyotaka, ili kodi itulie sikioni. Ukipiga peke yako au na sauti za watu tu, ishushe hadi masikio yako yaridhike. Kukiwa na kinanda, ambacho mi yake haibadiliki, ishushe senti chache tu, na uijaribu kwa kodi ya kwanza na ya nne pamoja na mpiga kinanda kabla ya kengele ya ibada.